Betri yangu inagonga nikipita kwenye mashimo

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, naishi Lushoto, na mara mbili kwa wiki nashusha mboga Mombo. Betri ya zamani ilikufa. Ilikuwa imeandikwa 46B24L. Fundi akaniletea nyingine ya 55D23L, akasema hii ni kubwa, itadumu zaidi. Kile chuma cha juu cha kuibana hakikuivuka, akakiweka pembeni, akaifunga kwa mpira wa tyubu na kuchomeka kipande cha ubao ubavuni. Sasa nikiingia kwenye shimo nasikia 'ngo' kule mbele, na kuna wakati taa za dashibodi zinafifia halafu zinarudi. Terminali zimeanza kuota unga mweupe wenye ukijani. Jirani yangu anasema nisihangaike, betri ni nzito, haiendi popote, tena mpira ni mzuri kwa sababu unameza mtikisiko. Mwingine kanishauri nifunge kwa waya wa nondo. Je, ni hatari kweli? Na kama ni hatari, nifanye nini bila kuingia gharama kubwa?"

Ndugu yangu, ni hatari, na safari ya Mombo isubiri mpaka hili liishe. Lakini usikate tamaa, maana kwa maelezo uliyotoa tatizo linatengenezeka, na huenda usitumie pesa nyingi kama unavyohofia. Umefanya jambo jema sana kuniandikia namba za betri zote mbili, kwa kuwa jibu lako limo ndani ya namba hizo.

Una matatizo mawili, ingawa umeyaeleza kama moja. La kwanza, betri haijakaa mahali pake. La pili, terminali, yaani vibanio vya mwisho wa nyaya, hazijashika sawasawa nguzo za betri, vile vichwa viwili vya risasi vilivyo juu yake. Mlio wa "ngo" ni wa tatizo la kwanza, taa kufifia ni ya la pili. Yote mawili yameletwa na kubadilisha 46B24L kwa 55D23L.

Namba hizo ni za mfumo wa Japani. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la nguvu. Herufi inayofuata inaeleza upana na kimo cha boksi. Tarakimu mbili zinazofuata ni urefu kwa sentimita, kwa makadirio. Herufi ya mwisho, L au R, inakuambia nguzo ya chanya iko upande gani. Zako zote ni L, ndiyo maana nyaya zimefika bila kuvutwa, na hapo fundi wako hakukosea. Urefu nao unakaribiana, 24 na 23. Tofauti iko kwenye herufi ya katikati: boksi la B24 lina upana wa milimita 129 hivi, la D23 lina milimita 173. Umeongeza zaidi ya sentimita nne kwenye upana, na treyi ya gari lako, kile kikalio chenye kingo, haikuongezeka.

Kwa hiyo nina karibu uhakika kwamba betri yako haijaingia ndani ya treyi. Imekalia kingo. Fungua boneti, chukua tochi, chungulia chini ya betri kwa ubavu: ukiona mwanga kati ya kitako cha betri na sakafu ya treyi, ndivyo ilivyo. Hapo ubao na mpira vinajaribu kushikilia kilo 15 au zaidi zilizosimama juu ya ukingo mwembamba, kwenye barabara zenye mashimo za milimani.

Sasa nguzo. Betri ya 46B24L isiyo na herufi S mwishoni huwa na nguzo nyembamba. Ya chanya ina kipenyo cha milimita 15 hivi sehemu ya chini. Kwenye 55D23L nguzo hiyo ni nene, inakaribia milimita 20. Terminali za gari lako zilitengenezwa kwa nguzo nyembamba. Ili ziingie kwenye hizi nene lazima mtu azipanue, na mara nyingi hupanuliwa kwa bisibisi na nyundo. Terminali iliyopanuliwa hivyo huishia nusu ya nguzo, haishuki hadi chini, na mara nyingine hupata ufa ambao huuoni mpaka uifute. Inagusa sehemu ndogo tu. Gari likitikisika mguso unakatika kwa kitambo kifupi sana, na wewe unaona taa zikififia. Ule unga mweupe wenye ukijani unazidisha ubaya, kwa sababu haupitishi umeme vizuri. Unatokana na mvuke na matone ya asidi yanayotoka ndani ya betri na kula risasi na shaba.

Unaweza kuhakikisha hili kwa mita ya umeme ya kawaida. Weka kwenye volti za DC, ncha moja igandamize kwenye kichwa cha nguzo yenyewe, nyingine kwenye chuma cha terminali iliyoivaa nguzo hiyo hiyo, kisha mtu apige stata. Terminali nzuri itaonyesha karibu na sifuri. Ukiona sehemu tatu za kumi za volti au zaidi, umeme unapotea pale pale, sentimita moja kutoka kwenye betri. Pima chanya, halafu hasi.

Jirani yako ana nia njema, lakini hoja zake zote mbili si sahihi. Uzito haushikilii betri. Uzito ndio unaoipa nguvu ya kugonga. Gari likiangukia shimoni na kuruka, bodi inapanda kwa ghafla, betri inanyanyuka, kisha inarudi na kilo zake zote juu ya chuma. Huo ndio mlio unaousikia. Mpira wa tyubu nao haumezi mtikisiko. Umeona kreti la soda lililofungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli: kila shimo kreti linaruka, mpira unavutika, kisha unalirudisha chini kwa kishindo. Mpira unairuhusu betri iondoke, halafu unaisukuma irudi. Kinachotakiwa ni kinyume chake, yaani betri ibanwe mpaka itembee pamoja na bodi kama kitu kimoja. Kumeza mashimo ni kazi ya springi na shokomzoba.

Kuna sababu ya kulisisitiza hili, na iko ndani ya betri. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Ndani ya kila chumba kuna mabamba ya risasi yaliyosimama yamebanana, na katikati yake karatasi nyembamba za kuyatenganisha. Mabamba ya chanya yamepakwa dawa ambayo ni kama udongo uliokauka. Ikitikiswa sana dawa hiyo inamomonyoka na kujikusanya chini kama tope. Tope likipanda hadi kuunganisha mabamba mawili, chumba hicho kinakufa, na betri inabaki na volti 10.5 badala ya 12.6. Wakati mwingine hata viungo vya risasi vinavyounganisha chumba na chumba hukatika. Hapo unakuta betri ya miezi michache imekufa, mwenye gari analaumu duka, duka linalaumu altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, kumbe ni kile chuma cha kubania kilichoachwa pembeni siku ya kwanza.

Lakini betri kufa mapema ni hasara ya pesa tu. Ninachokihofia zaidi ni nguzo ya chanya na boneti. Nyaya ya hasi imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo bodi nzima ni hasi, pamoja na boneti iliyo juu ya betri yako. Betri yako imepanda kwa kukalia kingo za treyi, halafu inaruka. Siku nguzo ya chanya au nati ya terminali yake ikigusa chuma cha boneti, mamia ya ampea yatapita hapo hapo. Hakuna fyuzi ya kukuokoa, kwa sababu mguso uko kabla ya fyuzi zote. Chuma kitayeyuka kwa cheche, plastiki zitashika moto, na betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Ikilipuka inarusha asidi. Hiyo ndiyo sababu nakuomba usisafiri, hata kama mboga zimeshavunwa.

Kwa hiyo waya wa nondo usiukaribishe kabisa. Unaleta chuma kitupu juu ya betri, sentimita chache kutoka kwenye chanya, na ukikazwa unakata plastiki ya boksi taratibu mpaka asidi inavuja. Kati ya mpira na waya, waya ni mbaya zaidi.

Kabla ya kuamua chochote, pima nafasi iliyobaki chini ya boneti. Hakikisha nguzo ya chanya ina kifuniko chake cha plastiki. Kama hakipo, tafuta kabla hujaendelea. Juu ya kifuniko weka donge la unga uliokandwa wa chapati, la kimo cha sentimita tano hivi, shusha boneti taratibu hadi ijifunge, kisha fungua. Unene wa donge lililobanwa ndio nafasi yako. Mimi nikikuta chini ya sentimita mbili siruhusu gari litoke, hata kwa betri iliyobanwa vizuri.

Tuje kwenye njia za kutoka. Ninayoipendelea ni kurudisha hiyo 55D23L na kuchukua 46B24L, au nyingine ya umbo la B24L. Dukani wengi wataielewa kwa jina la NS60L. Ukiagiza hivyo, taja wazi kwamba unataka nguzo nyembamba, kwa sababu zipo zenye umbo hilo hilo na nguzo nene. Hizo ndizo zenye S mwishoni. Kama betri bado ni mpya na una risiti, zungumza na duka kwa upole na haraka, kabla boksi halijapata mikwaruzo zaidi. Dhamana nyingi hazikubali betri iliyoumia kwa kugongwa. Duka likikataa, iuze kwa mtu mwenye gari linalotumia D23L. Ni betri inayohitajika, haitakaa sana.

Najua utaniuliza, "Lakini si kubwa ndiyo bora?" Kwa gari lako, hapana. Ni kweli inahifadhi umeme zaidi, ampea-saa 60 dhidi ya 45 hivi. Stata ya injini ndogo kama yako huchukua kile inachohitaji na si zaidi, na betri ndogo iliyo nzima inaipa bila shida. Wala usiwasikilize wanaosema betri kubwa inaunguza altaneta. Haiunguzi, inachukua tu muda mrefu zaidi kujaa. Faida ya betri kubwa utaiona kama una friji ndani ya gari au muziki mzito unaopiga injini ikiwa imezimwa. Wewe unabeba kabichi na karoti.

Njia ya pili ni kubaki na hiyo kubwa na kubadilisha vyote vinavyoizunguka: treyi pana zaidi, chuma cha juu kirefu zaidi pamoja na ndoano zake mbili, na terminali mpya za nguzo nene. Wauza spea used wa Tanga, au wa Ilala na Gerezani kule Dar es Salaam, wanaweza kukupatia treyi ya gari jingine. Lakini sharti fundi apime kwanza kama nafasi ipo, maana pembeni ya betri kuna boksi la fyuzi, mipira ya maji na bomba la hewa, na hizo sentimita nne lazima zitoke mahali. Kama treyi itachomelewa, betri itolewe kabisa ndani ya gari kabla ya kuchomelea. Kuchomoa nyaya peke yake hakutoshi. Ukijumlisha vyote hivyo na ufundi, mara nyingi umefikia au kuzidi gharama ya kubadilishana betri, ndiyo maana naiweka nafasi ya pili.

Kuna ya tatu, ya kukufikisha kwa fundi tu. Chukua mkanda wa kufungia mizigo, ule mpana wa kitambaa wenye kikazio, upitishe chini ya treyi na juu ya betri, kikazio kikae mbali na nguzo zote mbili. Funika chanya. Kaza mpaka ukiisukuma betri kwa nguvu gari zima litikisike. Endesha polepole kwenda gereji iliyo karibu. Mkanda huu usiugeuze wa kudumu. Joto la injini na asidi vitaula.

Siku ya kufunga betri sahihi, simama pale uangalie, au ufanye mwenyewe kwa spana namba 10. Injini iwe imezimwa na ufunguo umetolewa. Anza kufungua hasi. Sababu ni hii: spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi, hakuna kitakachotokea, kwa kuwa vyote ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepata ile cheche niliyoieleza. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Vua pete na saa ya chuma.

Betri ikishatoka, osha treyi. Koroga kijiko cha chakula cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mwagia penye unga na kutu, patatoa povu; povu likiisha, suuza kwa maji mengi. Ukiosha betri yenyewe, vifuniko vya vyumba viwe vimefungwa, maana maji ya magadi yakiingia ndani yanaiharibu asidi. Treyi ikiwa imekula kutu hadi kutoboka, usiweke betri juu yake, itengenezwe kwanza. Kama bado ni imara, ikwanguliwe na kupakwa rangi.

Betri ikae chini kabisa, ndani ya kingo zote. Chuma cha juu kilale sawa, ndoano ziingie kwenye matundu yake chini, nati zikazwe kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Hapa watu wengi wazuri hukosea kwa kuzidisha: wanakaza hadi boksi linabonyea, na baada ya muda linapasuka. Kaza mpaka betri iache kucheza, ongeza kama robo mzunguko, basi. Shika betri kwa mikono miwili uisukume mbele, nyuma na juu. Ikisogea yenyewe bila gari, bado.

Terminali zako zilizopanuliwa usizilazimishe kurudi. Ukizirudisha kwenye nguzo nyembamba zitaacha mwanya, na utaona fundi akichomeka kipande cha bati au msumari. Mkatalie. Nunua terminali mpya za nguzo nyembamba. Zishuke hadi chini ya nguzo, zikazwe, kisha ukijaribu kuzizungusha kwa mkono zisizunguke. Ukipenda pakaa grisi juu yake, baada ya kukaza. Terminali ya chanya na ya hasi hazilingani, ya chanya ina tundu kubwa kidogo, hivyo usikubali kuuziwa mbili za aina moja.

Na jambo jingine ambalo utalikuta gereji nyingi: fundi anawasha injini, anachomoa terminali, anasema anapima altaneta. Usimruhusu. Betri ikiondoka ghafla, volti za altaneta zinaruka juu mno, na zinaweza kuua kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari lako, ambayo bei yake inazidi betri kadhaa. Altaneta inapimwa kwa mita, injini ikiunguruma na betri ikiwa mahali pake. Kwa gari kama lako tarajia kati ya volti 13.8 na 14.5.

Usishangae kama, baada ya kuunganisha, injini itaunguruma bila utulivu kwa muda mfupi na saa ya redio itakuwa imepotea. Gari limesahau vipimo vyake na litavijifunza tena ukiendesha.

Mambo haya yakijitokeza, acha kila kitu na umwite fundi umeme wa magari aje hapo ulipo: boksi la betri limevimba au lina ufa; unasikia harufu ya mayai viza; nyaya nene imeyeyuka ngozi; mita inaonyesha zaidi ya volti 15 injini ikiwaka, au chini ya 13; au taa ya injini imebaki imewaka. Betri iliyovimba au kupasuka usiichaji wala kuipiga stata. Asidi ikikurukia machoni, mwagia maji safi papo hapo kwa dakika 20 bila kukatisha, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Ikiwa ni kwenye ngozi, maji mengi na sabuni.

Kama ile 55D23L ina vifuniko vya kufungua, angalia kimo cha maji kabla ya kuirudisha au kuiuza, maana kwa kuruka kule huenda imemwaga. Yawe kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Kuongeza ni maji safi ya betri peke yake. Dukani taja kabisa kwamba hutaki asidi, kwani chupa zinafanana na wapo wanaoziita zote maji ya betri.

Baada ya wiki ya kwanza ya kutembea na betri sahihi, rudia kushika na kusukuma, na kaza nati za chuma cha juu kama zimelegea. Nati mpya kwenye barabara ya vumbi hulegea kidogo mwanzoni. Ukishaona haisogei tena, irudie kila unapobadilisha oili ya injini.